VAT kwa mfanyabiashara mdogo wa Zanzibar: fedha ya nani, na inahesabiwaje

Miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Darajani, Mwanakwerekwe na Chake Chake imeenea imani kwamba Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi tunaiita VAT, ni asilimia 15 inayokatwa kwenye mauzo ya mwenye duka na kumpunguzia faida yake. Imani hiyo si sahihi, na madhara yake si madogo, kwa sababu mtu anayeamini hivyo hupanga bei kimakosa, huzitupa risiti za manunuzi kwa kudhani hazina kazi, na mwisho wa mwezi hulipa kutoka mfukoni mwake fedha ambazo sheria haikumtaka azilipe. Nimeona ni wajibu kulifafanua jambo hili kwa hesabu zinazoweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa hakuna ndani yake kinachozidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa.

Msingi wake ni huu: anayebeba VAT ni mlaji wa mwisho, yaani yule anayenunua kitu kwa ajili ya kukitumia. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT huipokea kodi hiyo kutoka kwa mteja, hutoa humo kodi ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuilipa aliponunua bidhaa na huduma za biashara yake, na hukabidhi serikalini tofauti iliyobaki. Kodi anayoipokea huitwa kodi ya mauzo, na ile aliyoilipa huitwa kodi ya manunuzi. Mambo mengine yote katika kodi hii, pamoja na yale yanayoonekana magumu, yanatokana na kutoa hiyo ya pili katika hiyo ya kwanza.

Tumchukue fundi seremala mwenye karakana yake Machomanne, Chake Chake, ambaye amesajiliwa. Ananunua mbao za shilingi 2,000,000 kwa muuza mbao aliyesajiliwa, na juu yake analipa VAT ya shilingi 300,000, jumla 2,300,000. Anatengeneza vitanda na milango, kisha analiuzia duka la samani mzigo wote kwa shilingi 5,000,000 pamoja na VAT ya 750,000, jumla 5,750,000. Duka nalo linawauzia wananchi kwa shilingi 6,500,000 pamoja na VAT ya 975,000, jumla 7,475,000. Muuza mbao anawajibika kwa 300,000 (tuseme kodi ya hatua zilizomtangulia imo humo). Fundi amepokea 750,000, anatoa 300,000 aliyoilipa kwenye mbao, anapeleka 450,000. Duka limepokea 975,000, linatoa 750,000, linapeleka 225,000. Ukijumlisha 300,000 na 450,000 na 225,000 utapata 975,000, ambayo ni kodi ileile aliyoilipa mlaji wa mwisho, haijazidi wala haijapungua hata shilingi moja.

Msomaji aitazame tena ile 450,000 ya fundi. Yeye alinunua kwa 2,000,000 na akauza kwa 5,000,000, kwa hiyo kazi ya mikono yake, vifaa vyake na muda wake vimeongeza thamani ya shilingi 3,000,000, na asilimia 15 ya 3,000,000 ni 450,000 kamili. Ndiyo maana kodi hii ikapewa jina la ongezeko la thamani.

Faida ya utaratibu huu inaonekana zaidi ukiulinganisha na kodi inayotozwa kwenye kila mauzo bila ya kutoa kilicholipwa nyuma. Kama mbao zingetozwa asilimia 15 zikawa 2,300,000, fundi akaongeza 3,000,000 yake ikawa 5,300,000, ikatozwa tena asilimia 15 ikawa 6,095,000, kisha duka likaongeza 1,500,000 na kutozwa kwa mara ya tatu, mwananchi angeuziwa mzigo uleule kwa shilingi 8,734,250, na ndani yake mngekuwa na kodi ya 2,234,250 badala ya 975,000. Kodi ingekuwa inatozwa juu ya kodi. Tatizo hilo ndilo lililomfanya Maurice Lauré, ofisa wa kodi wa Ufaransa, kuubuni utaratibu wa kutoa kodi ya manunuzi, ukaanza kutumika nchini humo mwaka 1954, na baadaye ukaenea sehemu kubwa ya dunia. Katika Afrika Mashariki, Kenya iliuanza mwaka 1990, Uganda mwaka 1996 na Tanzania Bara mwaka 1998. Zanzibar ina sheria yake wenyewe, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani Namba 4 ya 1998.

Hapo kwenye "sheria yake wenyewe" pana jambo ambalo wengi hawalizingatii. VAT si jambo la Muungano. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, na husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hata hapa Visiwani. VAT ya ndani ya Zanzibar husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyokuwa Bodi ya Mapato Zanzibar tangu mwaka 1996 hadi ilipogeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2022. Kwa hiyo mwenye duka mmoja wa Wete anaweza kuwa na wajibu katika ofisi mbili, na kulipa katika moja hakumwondolei wajibu wa nyengine. Zaidi ya hayo, kiwango cha kawaida cha VAT Zanzibar ni asilimia 15 ilhali Bara ni asilimia 18, na kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa nacho hupangwa mbalimbali: Bara ilikipandisha kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka katika Sheria ya Fedha ya 2023, na mabadiliko hayo hayakumhusu mfanyabiashara wa Unguja wala wa Pemba. Maelezo mengi ya VAT kwa Kiswahili yanayosambazwa katika simu yameandikwa kwa ajili ya Bara. Anayeyafuata hapa kwetu atakosea hesabu tangu mwanzo, na hata programu ya mauzo iliyowekwa na fundi kutoka Dar es Salaam inafaa ikaguliwe kwanza kama imepangwa kwa 15 au kwa 18. Viwango vyenyewe huweza kuguswa na Sheria ya Fedha ya Zanzibar kila mwaka wa bajeti, unaoanza tarehe 1 Julai, na wiki za mwanzo za mwezi huo ni wakati wa kuulizia ofisi ya ZRA kama kuna kilichobadilika kwa aina ya bidhaa au huduma unayouza.

Sasa niingie kwenye kosa la hesabu ambalo kwa maoni yangu linawatia hasara watu wengi kuliko jengine lolote. Bei ikiwa haijajumuisha VAT, kuitafuta kodi ni rahisi: zidisha kwa 15, gawa kwa 100. Lakini bei za madukani kwetu huandikwa na kutajwa zikiwa zimejumuisha kodi. Mlango unauzwa shilingi 460,000, mteja anatoa 460,000, basi. Jioni mwenye duka anachukua 460,000, anapiga asilimia 15, anapata 69,000, na anaandika kwamba hiyo ndiyo kodi. Amekosea. Hiyo 460,000 si asilimia 100 ya bei, ni asilimia 115, yaani 100 ya bei yenyewe na 15 ya kodi. Kuipata kodi iliyomo ndani, zidisha kwa 15 na ugawe kwa 115, au kwa njia fupi zaidi, gawa kwa 23 kisha zidisha kwa 3. Shilingi 460,000 ukigawa kwa 23 ni 20,000, mara 3 ni 60,000. Kodi ni 60,000 na bei halisi ni 400,000. Ukitaka kuhakikisha, asilimia 15 ya 400,000 ni 60,000.

Tofauti ya shilingi 9,000 kwa mlango mmoja inaweza kuonekana ndogo. Hebu tuchukue duka lenye mauzo ya shilingi 27,600,000 kwa mwezi, kodi ikiwa ndani. Hesabu sahihi inatoa kodi ya mauzo ya 3,600,000, na hesabu ya makosa inatoa 4,140,000. Shilingi 540,000 zinatoka kwenye faida ya mwenye duka kila mwezi, wala hakuna aliyemdai.

Kosa la upande wa pili humpata aliyesajiliwa hivi karibuni. Alikuwa akiuza mlango kwa 460,000 na zote zikiwa zake. Baada ya kusajiliwa anaiacha bei palepale kwa kuogopa wateja, na kwa kufanya hivyo amejipunguzia bei yake hadi 400,000 bila ya kujua. Huenda soko halimruhusu kupandisha, na hilo ni uamuzi wake, lakini aamue akiwa ameishika hesabu mkononi. Kuhusu punguzo la bei, jambo ni jepesi: punguzo lililokubaliwa na kuonyeshwa kwenye ankara hutolewa kwanza, kodi ikahesabiwa baadaye. Kitanda cha 1,200,000 kikipunguzwa asilimia 10 kinakuwa 1,080,000, VAT yake 162,000, jumla 1,242,000.

Nirudi kwenye manunuzi, maana huko ndiko haki ya mfanyabiashara ilipo na ndiko anakoipoteza. Ili kodi ya manunuzi itolewe, muuzaji lazima awe amesajiliwa kwa VAT, kitu kilichonunuliwa kiwe cha kazi ya biashara inayotozwa kodi, na mnunuzi awe na ankara ya kodi au risiti ya kielektroniki inayotambuliwa, inayoonyesha kodi iliyotozwa. Karatasi ya risiti ya mkono iliyoandikwa "mbao, jumla 2,300,000" haitoshi. Fundi wetu akiikosa ankara ya zile mbao, atapeleka 750,000 yote badala ya 450,000, na 300,000 itakuwa hasara yake, ingawa ni kweli kwamba aliilipa. Vilevile, akinunua kwa mtu asiyesajiliwa, hakuna VAT iliyotozwa, na hawezi kujitungia asilimia 15 ya kutoa. Kodi ya mbao za kitanda alichokichukua kwa matumizi ya nyumbani kwake nayo haiingii katika kutoa, kwa sababu hapo yeye mwenyewe ndiye mlaji wa mwisho.

Ninaomba ruhusa ya kusema neno moja juu ya risiti zenyewe. Karatasi zinazochapwa na mashine hufifia kwa joto, na kwa hali ya hewa ya visiwani, ndani ya mtoto wa meza uliopigwa na jua, maandishi hupotea ukabaki ukanda mweupe. Ipige picha au itoe nakala siku hiyohiyo, na uandike nyuma ya karatasi kwa kalamu ya wino jina la muuzaji, tarehe, jumla na kodi. Daftari nalo lisiwe na safu moja ya jumla, bali tatu: bei bila ya kodi, kodi, na jumla. Mwenye safu hizo tatu upande wa mauzo na tatu upande wa manunuzi anaijaza ritani yake ya mwezi, yaani taarifa ya kodi anayoipeleka ZRA, kwa kuhamisha tarakimu tu.

Kuna miezi ambayo manunuzi huzidi mauzo. Tuseme fundi huyohuyo anajaza ghala lake kabla ya msimu wa watalii. Mwezi Mei ananunua mbao, rangi na bawaba za shilingi 6,000,000, akalipa VAT ya 900,000, na anauza kwa 4,000,000 tu, akapokea VAT ya 600,000. Hana cha kulipa mwezi huo, na anabaki na ziada ya 300,000 inayosogezwa mbele. Mwezi Juni anauza kwa 7,000,000, kodi ya mauzo 1,050,000, na ananunua kwa 1,000,000, kodi ya manunuzi 150,000. Tofauti ni 900,000, anatoa 300,000 iliyosogezwa, analipa 600,000. Wapo wanaoacha kupeleka ritani ya mwezi kama ule wa Mei kwa hoja kwamba hawadaiwi chochote. Hapo wanajidhuru mara mbili, kwa kuwa ritani ni wajibu hata kama malipo ni sifuri, na ziada isiyoandikwa katika ritani haina njia ya kuonekana mwezi unaofuata.

Kwa anayeagiza bidhaa kutoka nje na kuzitoa katika bandari ya Malindi, VAT hutozwa hapohapo wakati wa kutoa mzigo, na msingi wake ni thamani ya forodha ikijumlishwa na ushuru wa forodha. Mzigo wa thamani ya shilingi 10,000,000 unaotozwa ushuru wa asilimia 25 una ushuru wa 2,500,000, na VAT yake, tukiacha tozo nyengine, ni asilimia 15 ya 12,500,000, yaani 1,875,000. Watu huzichanganya fedha hizi mbili katika fungu moja wanaloliita "gharama za bandarini". Zitenganishwe. Ule ushuru wa 2,500,000 haurudi, ni sehemu ya gharama ya mzigo na uingie kwenye bei. Ile 1,875,000 ni kodi ya manunuzi, na aliyesajiliwa huitoa kwa ushahidi wa hati za forodha. Anayeiingiza yote kwenye gharama hupandisha bei pasipo sababu, kisha akashangaa jirani yake anauza rahisi kuliko yeye.

Sehemu ngumu kidogo ni tofauti baina ya kilichosamehewa na kinachotozwa asilimia sifuri. Kwa mteja vyote viwili ni sawa, kwa kuwa halipi VAT. Kwa muuzaji ni mbalimbali kabisa. Bidhaa inayosafirishwa kuuzwa nje ya nchi hutozwa kwa kiwango cha sifuri, maana yake ni bidhaa inayotozwa kodi isipokuwa kiwango chake ni 0, na kwa hiyo aliyeiuza anayo haki ya kutoa au kudai kodi ya manunuzi yake. Bidhaa iliyosamehewa, kama vile mazao ya chakula ambayo hayajasindikwa, iko nje ya hesabu, na kodi iliyolipwa kwa ajili ya kuipata haitolewi. Mwenye kusafirisha viungo vilivyofungwa vizuri kwenda ng'ambo na mwenye kuuza ndizi na muhogo sokoni wote hawamtozi mteja wao VAT, lakini wa kwanza hurudishiwa ile aliyoilipa kwenye vifungashio na wa pili hapati kitu.

Ugumu huzidi kwa duka linalouza vyote, sabuni na mafuta upande mmoja, mboga na matunda upande wa pili. Kodi ya manunuzi ya sabuni hutolewa yote. Kodi inayohusu duka zima, mathalani ya ukarabati wa jengo, hugawanywa kwa uwiano. Ikiwa mauzo ya mwezi ni 10,000,000 na kati yake 6,000,000 ni ya bidhaa zinazotozwa kodi, basi katika kodi ya ukarabati ya shilingi 200,000 kinachotolewa ni asilimia 60, yaani 120,000, na 80,000 iliyobaki ni gharama ya duka.

Je, aliye chini ya kiwango cha kusajiliwa amepata nafuu? Wengi hujibu ndiyo bila ya kufikiri. Kwanza, hapa Zanzibar asiye katika VAT haachwi mtupu, kwa sababu kuna ushuru wa stempu unaohesabiwa kwenye mauzo. Pili, jibu linategemea anamuuzia nani. Fundi asiyesajiliwa hununua mbao zilezile kwa 2,300,000, na ile 300,000 hawezi kuitoa, kwa hiyo ili abaki na 3,000,000 yake anauza kwa 5,300,000. Mwananchi anayetengeneza nyumba yake atamkimbilia, kwa kuwa kwa fundi aliyesajiliwa mzigo huo ni 5,750,000. Hoteli iliyosajiliwa itafanya kinyume, kwani kwa fundi aliyesajiliwa gharama yake halisi ni 5,000,000, ile 750,000 inaitoa katika ritani yake, ilhali kwa asiyesajiliwa itabeba 5,300,000 yote. Ndiyo sababu ofisa ununuzi wa hoteli ya Nungwi au Kiwengwa anaweza kuuliza swali la usajili kabla ya kuuliza bei. Fundi anayelenga wateja wa namna hiyo afikirie kuomba kusajiliwa hata kabla ya kulazimika, na anayewauzia majirani zake wa mtaani asifanye haraka. Kwa hali yoyote, asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja VAT, na kuitoza ni kosa la kisheria.

Anayezifanyia kazi hoteli ajiandae pia kwa jambo la muda. Wajibu wa kodi hausubiri fedha ziingie mkononi: ankara ikishatolewa au bidhaa ikishafikishwa, kodi ya mauzo inaingia katika ritani ya mwezi huo. Fundi aliyepeleka vitanda mwezi Julai kwa 4,000,000 pamoja na VAT ya 600,000, na hoteli ikalipa mwezi Oktoba, atatakiwa kuiingiza 600,000 katika hesabu ya Julai na kuilipa Agosti, kwa fedha zake, miezi miwili kabla ya kulipwa. Biashara ndogo zenye kazi nzuri na wateja wazuri zimekwama hapa. Kinachosaidia ni kudai malipo ya awali yanayotosha angalau kuifidia kodi, kutotoa ankara kabla ya mzigo kuwa tayari kupelekwa, na kuandika katika makubaliano, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba bei iliyotajwa haijajumuisha VAT. Makubaliano yakinyamaza, hoteli itashikilia kwamba 4,000,000 ni pamoja na kodi, na fundi atalazimika kuitoa humo shilingi 521,739 kwa ile hesabu ya 23 na 3, akabaki na 3,478,261.